Muulize Bibi Afande: Kwata utaizoea tu, kalamu ndo itakusumbua

Shikamooni wakubwa, na nyie wadogo hamjambo. Wiki hii meseji za vijana ni nyingi kweli, nadhani kwa sababu minada ya korosho imepita, hela kidogo ipo ndani, na wazazi wameanza kujiuliza huyu mtoto anakaa kijiweni mpaka lini. Karibu wote wanauliza habari za polisi. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi ni mstaafu, nilimaliza na cheo cha stafu sajenti, sasa hivi nipo zangu Masasi na mikorosho na kuku wangu. Depo, yaani shule ya mafunzo ya polisi, nilipita Moshi miaka ya 1980, kwahiyo mliopita juzijuzi mkiona bibi kateleza mnirekebishe.

Shikamoo Bibi Afande. Mimi ni kijana wa Nachingwea, nimemaliza form four nikapata division three, na JKT nimepita kwa kujitolea. Washkaji wananiambia depo ya polisi ni kama JKT tu, kukimbia na kuchomwa jua basi. Nauliza na darasa lipo? Wanasoma nini? Maana kusema ukweli mambo ya kuandika andika sijawahi kuyapenda. (Nasubiri Tangazo, Nachingwea)

Marahaba mjukuu wangu. Hilo la mwisho ulilolisema kama utani ndo lenyewe, tulia nikwambie.

Kwata ipo, tena ya kutosha. Mchakamchaka alfajiri, gwaride, fatiki yaani kazi za mikono, silaha, kulenga shabaha, lindo usiku, na ile baridi ya Moshi ya mwezi wa sita na wa saba ambayo sisi watoto wa kusini hatuijui, nilikuwa navaa soksi mbili mbili na bado vidole havishiki kifungo. Ila wewe umepita JKT, pumzi unayo, miguu unayo, na kusimama saa mbili juani bila kukuna pua umeshafundishwa. Huko hutapata shida sana. Na hata asiyepita popote, wiki ya tatu ya nne mwili unakubali wenyewe.

Darasa ndo ambalo watu hawalisemi. Mnasoma Kanuni ya Adhabu, yaani kosa gani ni kosa gani na linajengwa na vitu gani, maana wizi sio sawa na unyang'anyi na unyang'anyi wa kutumia silaha ni habari nyingine kabisa. Mnasoma Mwenendo wa Makosa ya Jinai, hiyo ndo inakwambia unamkamataje mtu, unampekuaje, unamhoji kwa muda gani. Mnasoma Ushahidi, Usalama Barabarani, haki za binadamu, polisi jamii, huduma ya kwanza, mambo ya Dawati la Jinsia na Watoto, halafu kuna PGO, huo ni muongozo wa jeshi lenyewe, ni mnene, unaeleza mpaka kitabu cha kituoni kinajazwaje. Na mitihani ipo bana, usidhani ni hadithi.

Lakini kati ya hayo yote kinachomwangusha kuruta, na kinachokuja kumwangusha akiwa askari kabisa, ni kuandika maelezo, yaani yale anayosema mlalamikaji au shahidi. Sio mwandiko mzuri hapana, ni kujua kitu gani kiandikwe. Mkufunzi wetu alikuwa anatukalisha wawili wawili, mmoja mlalamikaji mwingine askari, unaandika, halafu anapita na kalamu nyekundu, hasemi neno, anaandika tu pembeni: saa ngapi? umbali gani? taa ilikuwa wapi? ulimjuaje? Daftari lilikuwa linarudi jekundu utafikiri limemwagikiwa mbilimbi ya pilipili. Nilikuwa namchukia yule mzee, Mungu anisamehe.

Nimekuja kumuelewa nikiwa kazini, kwenye kituo kimoja huku huku kusini, sitakitaja. Alikuja mzee mmoja msimu wa korosho kaibiwa magunia mawili. Tukafatilia, magunia tukayakuta kwa mtu, mzee kuyaona tu akasema haya yangu, nimeyajua kwa ule uzi, maana midomo ya magunia kaishona mwenyewe kwa uzi wa nyavu wa bluu aliopewa na shemeji yake mvuvi. Akanionyesha na pale mwisho wa mshono anavyofunga fundo lake la kurudia mara mbili. Mimi nikaandika: "niliyatambua magunia hayo kuwa ni mali yangu." Basi. Nikamsomea, akaweka dole gumba, nikafunga jalada najiona nimemaliza.

Tumefika mahakamani, mzee kasimama pale anasema habari ya uzi wa bluu, mtuhumiwa akamuuliza mbona kwenye maelezo yako polisi hukusema habari ya uzi, umeutunga leo? Mzee akanigeukia. Alinambia, mimi sikuandika. Korosho zote zinafanana mjukuu wangu, magunia yote yanafanana, alama ndo kesi yenyewe, na alama ilibaki kichwani kwangu badala ya kwenye karatasi. Kesi ikaanguka, mtu kaondoka, na yule mzee tukikutana sokoni alikuwa ananisalimia vizuri tu, ndo iliyokuwa inauma zaidi.

Hata kumtambua mtu ni hivyo hivyo. Kuna kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, ya Mahakama ya Rufani mwaka 1980, ukienda depo utaisikia mpaka uiote. Pale mahakama ilisema shahidi akidai kamuona mtuhumiwa basi yaangaliwe mazingira, alimuona kwa muda gani, umbali gani, mwanga ukoje, mchana au usiku, alikuwa anamjua kabla au ndo mara ya kwanza. Sasa askari akiandika "nilimuona vizuri" akanyamaza, huyo kaandika nini? Kibatari au mbalamwezi, hatua tano au ukubwa wa uwanja wa mpira, andika.

Na saa, usicheze na saa. Mtuhumiwa ukishamshika sheria inakupa masaa manne ya kumhoji, ukitaka zaidi kuna utaratibu wa kuongeza, hujiongezei mwenyewe kwa sababu umechelewa kula. Maelezo ya onyo, yaani yale ya mtuhumiwa mwenyewe, mengi tu yametupwa na mahakama kisa muda, mtu kakiri vizuri kabisa lakini askari kakaa naye asubuhi mpaka jioni ndo akachukua kalamu.

Sasa kama hupendi kuandika usiache kuomba, anza leo. Nunua daftari la mia tano. Kila siku jioni andika kitu kimoja ulichokiona, ugomvi wa bodaboda stendi, mbuzi kala mihogo ya mtu, chochote, kwa mpangilio kilivyotokea, saa, mahali, nani kasema nini. Mpe mdogo wako asome halafu akuulize maswali. Akiuliza matano, kesho jitahidi aulize mawili. Na Kiswahili chako kiwe safi, maelezo kituoni yanaandikwa kwa Kiswahili, na tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, japo sheria nyingi utazikuta bado zimeandikwa kwa Kiingereza, kwahiyo na hicho usikitupe.

Bibi Afande mambo. Kuna mtu hapa Tandahimba anasema ana connection, anataka laki nane anipenyeze depo, mjomba yupo tayari kuuza korosho zilizobaki. Tumpe nusu kwanza? (Mwenye Haraka)

Mambo? Mimi rika lako? Haya nimekusamehe.

Usimpe hata ya soda. Ajira ya polisi hailipiwi. Tangazo linatoka, maombi yanatumwa kwenye mfumo wa jeshi wenyewe wa mtandaoni kwa namba yako ya NIDA na vyeti, unaitwa usaili, majina yanatoka hadharani. Huyo bwana hana anapokupenyeza, anachofanya ni kuchukua hela kwa vijana ishirini, watano wakipita kwa jitihada zao anasema ni yeye, kumi na tano waliobaki anawaambia subirini awamu ijayo. Nimeshuhudia mtaani kwangu mama kauza shamba la mikorosho la urithi, na mtoto hadi leo anaendesha bodaboda ya mtu.

Halafu jiulize na hili, ikiwa ni kweli anahonga mtu huko ndani, basi na wewe unayetoa umo kwenye kosa, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 haimwachi mtoaji. Unataka kuanza upolisi kwa jinai? TAKUKURU namba yao ni 113, haikatwi salio. Mwambie mjomba korosho zake akae nazo.

Shikamoo. Nimesikia kuna chuo cha polisi Kurasini Dar, je naweza kulipa ada nikasoma pale halafu ndo niajiriwe? Niko Lindi mjini. (Msomi Mtarajiwa)

Marahaba. Hapana, umeanzia mwisho. Raia anayeajiriwa polisi anaanzia depo, kule Shule ya Polisi Moshi, na hupelekwi kwa kulipa ada, unapelekwa kwa kuchaguliwa. Kurasini ndiko wanapelekwa walio tayari kazini wakipanda, wale wa kwenda kuwa wakaguzi na maofisa. Ukitaka kusoma kabla, soma fani yako, maana jeshi linahitaji pia madereva, mafundi magari, watu wa umeme, wa kompyuta, wauguzi. VETA ipo hapo hapo Lindi. Ukiwa na cheti cha fani unaomba kwa fani.

Bibi, nina urefu wa futi tano na inchi tatu, mimi ni msichana. Na mkononi nina jina la mtu nilijichora kwa sindano na wino nikiwa form two. Nimesikia ukipasha pasi inatoka. (Nimejuta, Kilwa)

Pasi?? Weka chini hiyo pasi mwanangu! Utabaki na kovu la moto juu ya jina la mtu ambaye hata sijui kama mnasalimiana. Nenda hospitali uulize kama kuna wanachoweza kufanya, kinyume na hapo liache.

Nikwambie ukweli bila kukuzungusha, matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yanataka wasichana wasiopungua futi tano inchi nne, wavulana futi tano inchi nane, na asiwe na michoro mwilini. Inchi moja nenda kapimwe upya bila viatu na asubuhi, watu wengi wamepimwa kwa kamba ya fundi cherehani. Mchoro ndo mgumu zaidi, na usije ukauficha kwa poda kwenye usaili, mnavuliwa mnakaguliwa na daktari, aibu yake kubwa. Soma tangazo la mwaka huo neno kwa neno, masharti huwa yanaguswa guswa. Likikukataa, mwenzangu, zipo kazi nyingine za sheria na usalama, niandikie tena tuzungumze.

Mdogo wangu Bibi Afande, hujambo. Binti yangu kachukuliwa depo, ni mwezi wa pili simu haipatikani, nalala silali. Nifunge safari Moshi? (Mama wa Mikindani)

Sijambo dada, shikamoo. Usifunge safari. Mwanzoni kuruta hakai na simu yake, ndo utaratibu, na angekuwa na shida kubwa ungetafutwa wewe, namba yako walimwandikisha. Enzi zetu hata hiyo simu hakuna, mimi niliondoka hapa tukavuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, daraja la Mkapa halijajengwa, mama yangu kapata barua yangu ya kwanza mwezi wa nne na nusu yake ilikuwa namuomba sweta.

Siku ya kufunga mafunzo kama nauli ipo nenda, vaa khanga yako nzuri, ila ujue kwenye gwaride hutamtambua, wote wanafanana, wamekonda na wamekuwa weusi. Mtafute miguuni, mwanao anavyotembea unamjua. Na akija nyumbani likizo atakuwa anaamka saa kumi usiku na kutandika kitanda cha kila mtu, muache wiki itapita. Mchemshie ming'oko.