Mbwa anayelialia umuangalie: mchunie, ila mchunie kisawasawa

Mbwa wangu ana kasauti kake ka puani, kembamba, anakaanza pale tu nikishika simu au laptopu. Anakuja anakaa mbele yangu, ananikazia macho, ng'iiii, anakata kidogo aone kama nimegeuka, anaendelea. Ameshakula, ametoka nje, maji yapo, yaani hana shida yoyote, anataka mtu tu.

Ila kabla hujasema anadeka hakikisha kweli anadeka. Mbwa analia pia akibanwa na haja, akiumwa au akiogopa, na dume akinusa jike aliye kwenye joto, yaani anayetaka kupandwa, ndo hata usingizi hampi mtu. Mbwa mzee ambaye hakuwa na hiyo tabia akianza ghafla, hasa usiku, mpeleke kwa daktari wa wanyama kwanza. Na yule anayelia ukitoka nyumbani, anakwangua mlango na kutokwa mate, huyo anaogopa kubaki peke yake na ninayosema hapa hayamhusu kabisa. Namsemea yule anayelia ukiwepo, ukimgusa tu kimya.

Sasa watu wakiambiwa "mchunie" wanadhani ni kutomshika tu. Hapana bwana. Ukimwambia "nyamaza!" umeshamjibu, ukimtupia jicho umemjibu, ukimsukuma na mguu huku unacheka ndo kabisaa, kwake huo ni mchezo. Kuchunia ni macho pembeni, mdomo umefunga, mwili umempa mgongo, akikurukia unanyanyuka unaondoka zako bila kelele.

Na jiandae, atazidisha. Sauti iliyokuwa inafungua mlango ikigoma anaipandisha, anaongeza na kubweka, na hapa ndo wengi wanakwama, wanavumilia wee halafu mwisho "haya njoo", basi mbwa kashajua kwamba bei imepanda tu, kesho anaanzia hapo hapo juu. Yule mwanasaikolojia wa Marekani, B.F. Skinner, aliligundua hili zamani kwa panya na njiwa, kwamba tabia inayolipwa mara mojamoja bila mpangilio ni ngumu kufa kuliko inayolipwa kila mara. Kwa hiyo kama unajijua huna moyo wa kufika mwisho, siku hiyo bora usianze. Na nyumba nzima mkubaliane, maana mmoja akimpa kipande cha chakula chini ya meza kwa siri kazi yote imeharibika.

Lakini kuchunia peke yake hakutoshi, mbwa lazima ajue afanye nini badala ya kulia. Mimi naweka mfukoni vipande vya chakula vidogo kama harage, namsubiri avute pumzi, akinyamaza sekunde moja tu nasema "safi" kwa sauti ya chini, nakiweka kipande sakafuni katikati ya miguu yake ya mbele. Sauti ya chini jamani, ukimsifia kwa shangwe anaanza upya. Baadaye sekunde tatu, tano, kumi, taratibu. Halafu kuna ujanja wao, akili wanazo hawa, anajifunza kulia kwanza ili anyamaze alipwe, kwa hiyo mlipe zaidi pale ambapo hajalia kabisa, amejilalia zake kwenye mkeka hana habari na wewe. Hapo ndo pesa ilipo kwa maoni yangu, na ndo watu wanapitia wanamwacha eti "asiamke".

Kumtembeza aachiwe anuse anuse, na chakula kingine umtawanyie kwenye majani atafute, kunapunguza sana makelele ya jioni. Kumpiga au kumfunga mdomo usijaribu, atanyamaza kwa woga au atakuuma.

Kwa kitoto kilichotoka kwa mama yake juzi, huyo usimchunie usiku. Weka kitanda chake karibu na chako, akilia mtoe akakojoe bila mazungumzo wala michezo, akimaliza mrudishe alale.