Auramini haipendi dirisha

Nikiingia kwenye maabara ya kituo cha afya huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, naangalia kwanza imewekwa wapi chupa ya auramini, rangi inayotuonyesha bakteria wa kifua kikuu (TB) kwenye makohozi. Darubini nitaiona baadaye. Chupa ikiwa ya kioo cheupe na imesimama dirishani, majibu hasi yaliyotoka hapo siyaamini, hata kama mpimaji ni mtu makini.

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya kupima makohozi, nawaandikia kwa sababu hiyo. Mnafundishwa sana kusoma slaidi, yaani kipande cha kioo kilichopakwa makohozi, lakini rangi yenyewe inapitiwa haraka. Na mgonjwa wa kifua kikuu akiambiwa hana TB, anarudi nyumbani kukohoa katikati ya watoto wake.

Auramini O ni unga wa manjano. Ikiwa imeyeyuka tu kwenye chupa, haing'ai sana, maana molekuli zake zinajipindapinda na kupoteza nguvu ya mwanga ziliyopokea. Ikishanaswa kwenye ukuta wa bakteria wa TB, wenye nta ya asidi ya mikoliki, inabanwa na haijipindi tena. Hapo ukiimulika kwa mwanga wa buluu wa nanomita 450 hivi, inarudisha kijani-manjano. Asidi-alkoholi huisafisha kutoka kwenye seli nyingine, lakini ukuta ule wa nta hauiachii. Fenoli iliyochanganywa humo inaisaidia kupenya, ndiyo maana wakati wa kupaka rangi hatupashi slaidi moto kama tunavyofanya kwa Ziehl-Neelsen, njia ya zamani inayowapaka bakteria rangi nyekundu.

Anayefaidi zaidi ni msomaji wa slaidi. Kwa Ziehl-Neelsen unatumia lenzi ya mafuta na kukuza mara 1000. Kwa auramini unasoma kwa mara 400, au hata 200 kwanza, bila mafuta. Kwa mara 400, eneo unaloliona kwa mtazamo mmoja ni zaidi ya mara 6 ya lile la mara 1000, kwa hiyo slaidi inaisha upesi na bakteria wachache hawakuponyoki kirahisi. Zamani taa za zebaki zilikufa baada ya saa mia chache na zilitaka chumba chenye giza. Taa za LED, ambazo WHO ilizipendekeza rasmi mwaka 2011, hudumu maelfu ya saa, na darubini nyingi za aina hiyo hukubali betri umeme unapokatika.

Lakini mwanga uleule unaoiwasha rangi hii ndio unaoiua. Weka auramini kwenye chupa ya kahawia, ndani ya kabati, mbali na joto. Slaidi ukishazipaka, zifunike au uziweke kwenye boksi lenye kifuniko, na uzisome ndani ya saa 24. Usiache slaidi moja chini ya taa ukienda kuongea na mgonjwa, maana sehemu uliyoiacha ikimulikwa itafifia.

Hatua ninayoiogopa kuliko zote ni pamanganeti ya potasiamu. Kazi yake ni kuzima mng'ao wa takataka zilizo nyuma ya bakteria, na dakika 1 inatosha. Ukiizidisha inaanza kuzima bakteria wenyewe, na slaidi inakuwa nyeusi, safi, ya kupendeza, tena ya uongo. Tumia saa, usikisie. Kwa kusuuza napendelea maji yaliyotoneshwa (yaliyosafishwa kwa kugeuzwa mvuke), kwa sababu klorini ya maji ya bomba inaweza kupunguza mng'ao.

Kila unapopaka, paka pamoja nazo slaidi moja unayojua ni chanya na moja unayojua ni hasi. Ile chanya isipong'aa, usitoe jibu la mtu yeyote. Ile hasi ikiwa na vitu vinavyowaka, chuja rangi: mara nyingi ni chembe ambazo hazikuyeyuka. Bakteria ni kijiti chembamba, pengine kimepinda kidogo. Chembe haina umbo hilo. Ukibaki na shaka, slaidi ya auramini inaweza kupakwa tena kwa Ziehl-Neelsen. Kinyume chake hakiwezekani.

Vaeni glavu, na barakoa mnapopima unga wake. Auramini imo kwenye orodha ya vitu vinavyodhaniwa kusababisha saratani.

Wapo wanaoniuliza kama haya yana maana tena, siku hizi makohozi yanapopakiwa kwenye pikipiki kupelekwa kwenye GeneXpert. Yana maana sana. Mashine ile inasoma DNA, na DNA ya bakteria waliokufa hubaki kwenye makohozi, hivyo haifai kumfuatilia mgonjwa aliye kwenye dawa. Mwezi wa 2, wa 5 na wa 6 tunarudi kwenye slaidi. Ya mwezi wa 5 ikiwa chanya, matibabu yanahesabiwa kuwa yameshindwa na sampuli lazima ipimwe usugu wa dawa. Slaidi hiyo isipakwe kamwe bila zile mbili za udhibiti, chanya na hasi, pembeni yake.