Nikiliacha wazi swali la katiba, kura yangu inahesabiwaje?

SWALI: Wakili, shikamoo. Mimi ni mtu wa Mombasa, sasa naishi Columbus, Ohio, na uraia wa Marekani nimeupata si zamani. Novemba 2024 ndiyo ilikuwa kura yangu ya kwanza huku. Baada ya rais na wabunge nikakuta swali refu linaitwa Issue 1, la kubadili katiba ya jimbo. Nikalisoma na kulirudia, sikuelewa, nikaliacha. Shemeji yangu wa Minnesota ananiambia kuacha wazi ni sawasawa na kusema hapana. Binamu yangu wa Florida naye anasema kwao asilimia 57 walikubali hoja moja na bado ikaanguka. Nani mkweli? Na je, kura yangu niliiharibu?

JIBU: Marahaba. Hukuharibu kitu. Kila ulipojaza pamehesabiwa, na ulipoacha wazi hapakuhesabiwa upande wowote, kwa sababu Ohio inaangalia waliojibu swali lenyewe tu: ndiyo zikizidi hapana, hoja imepita.

Jamaa zako wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja amesema ya kwao. Marekani haina kura ya maoni ya nchi nzima kama ile ya Kenya ya 2005 ya ndizi na chungwa. Kila jimbo lina katiba yake na kanuni zake za kuibadili. Delaware hata haiwaulizi wananchi, bunge lake linamaliza lenyewe.

Minnesota wanagawanya kwa idadi ya watu wote walioshiriki uchaguzi huo, si waliojibu swali peke yao. Chukua watu 100 waliofika kituoni. Arobaini na tisa waseme ndiyo, 45 hapana, sita waache wazi. Ohio hoja hiyo ingeshinda. Minnesota inaanguka, maana 49 si zaidi ya nusu ya 100. Wale sita wamesema hapana bila kufungua mdomo. Ukihamia kwa shemeji, ujue hilo.

Florida kiwango ni asilimia 60. Mwaka 2024 hoja ya haki ya kutoa mimba ilipata takriban 57, ikafa. Na hapa kuna jambo linalonichekesha kila nikilifikiria: kanuni hiyo ya 60 iliingizwa katika katiba ya Florida mwaka 2006 kwa kura ya wananchi, na ilipata karibu asilimia 58. Kwa kipimo chake yenyewe isingepita.

Ohio nao walijaribu kuwafuata. Agosti 2023 bunge la jimbo lilipeleka hoja ya kupandisha kiwango hadi 60, wapiga kura wakaikataa kwa asilimia 57. Miezi mitatu baadaye haki ya kutoa mimba ikaingia katika katiba ya Ohio kwa asilimia 56.8. Hesabu umeiona mwenyewe: kama ile ya Agosti ingepita, hii ya Novemba ingeanguka.

Sasa hiyo Issue 1 iliyokutoa jasho. Usijilaumu, hata mawakili waligombana juu ya maneno yake. Ilikuwa hoja ya wananchi, iliyokusanyiwa sahihi, ya kuwanyang'anya wanasiasa kazi ya kuchora mipaka ya maeneo ya ubunge na kuipa tume ya raia 15: watano wa Republican, watano wa Democrat, watano wasio wa vyama hivyo. Aliyeipigia debe zaidi ni Maureen O'Connor, jaji mkuu mstaafu wa jimbo. Lakini maneno unayoyasoma kwenye karatasi ya kura, yaani muhtasari wa hoja, hayaandikwi na wenye hoja. Yanapitishwa na bodi ya watu watano, mwenyekiti wake Katibu wa Jimbo, ambaye ndiye msimamizi wa uchaguzi, na wengine wanateuliwa na viongozi wa vyama bungeni. Wenye hoja walisema wanataka kukomesha uchoraji wa mipaka kwa upendeleo. Karatasi ikasema tume italazimika kuchora mipaka kwa upendeleo wa vyama viwili vikubwa. Bodi ilitetea maneno hayo kwa kushikilia kipengele kilichotaka ramani zilingane na jinsi jimbo zima linavyopiga kura. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Ohio, na majaji wanne dhidi ya watatu wakayaacha sehemu kubwa ya maneno hayo yalivyo. Hoja ikaanguka, takriban asilimia 54 wakiikataa. Kwa maoni yangu muhtasari ule haukuwa wa haki, ingawa ulipita mahakamani.

Kwa hiyo usiishie kwenye muhtasari. Kinachoingia katika katiba ni andiko kamili la hoja, nalo hutolewa kabla ya uchaguzi na ofisi ya Katibu wa Jimbo, pamoja na sababu za wanaounga mkono na wanaopinga. Ohio inakuruhusu kupiga kura kwa posta bila kutoa sababu. Hapo karatasi unayo mezani, andiko pembeni, hakuna foleni nyuma yako.

Angalia pia kama unaulizwa kuhusu katiba au sheria ya kawaida. Zote mbili huitwa Issue, na hapo wengi huchanganyikiwa. Bangi Ohio, Novemba 2023, ilipita kama sheria ya kawaida. Maana yake wabunge wanaweza kuigusa kwa mswada wakati wowote, na hawakukawia kuanza kujaribu. Kilichoingia katika katiba hawakiondoi mpaka warudi kwenu.

Hukuuliza hili, lakini kama nyumbani kuna mzee aliye raia na Kiingereza cha kusoma hakimpandi, sheria ya shirikisho, kifungu cha 208 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura, inampa msaidizi anayemtaka mwenyewe ndani ya kituo. Wasioruhusiwa ni mwajiri wake au wakala wa mwajiri, na kiongozi au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Wewe unaweza kuingia naye na kumsomea kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Kuamua ni kwake.