Kabla hamjagawana vitu vya baba, someni daftari lake

Baba alifanya biashara ya samaki hapa Mtwara kwa miaka 31, na 20 ya mwisho alikuwa mnunuzi wa pweza. Baharini hakuwahi kuingia zaidi ya magotini. Wavuvi walimtania kwamba hata kuogelea hajui, na kweli hakujua. Yeye alikuwa mtu wa mizani: kuwahi pwani kabla maji hayajajaa, kupima, kuandika, kulipa, kutia barafu, kupakia. Alipofariki mwaka 2024 mimi ndiye nilikuwa mkubwa kwa kuzaliwa, makaratasi yakaniangukia. Naandika kwa mwenye mzazi wa kazi hizi, awe hai au ametangulia, maana mengi niliyafanya kinyumenyume.

Msibani niliambiwa niandike wasifu. Nikaandika: baba mwema, mpenda watu, mcha Mungu, mchapakazi. Wasifu ule ungemfaa marehemu yeyote wa mkoa huu, ungebadilisha jina tu. Watu waliitikia kwa adabu, wakaendelea na kahawa yao.

Nilichotakiwa kusema ni habari ya bamvua. Pweza anatafutwa siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanapokupwa mbali, mwamba ukabaki wazi, na akina mama wakaingia kwa miguu na vijiti vyao kuchokoa mashimo. Siku hizo baba hakuwa wa mtu. Basi mambo yetu yote yakapangwa maji mafu, siku ambazo maji hayakupwi mbali: posa ya dada, ndoa yangu, jando la wadogo zangu. Kuna mwaka alimfuata mwalimu mkuu, mteja wake wa changu, akamwomba kikao cha wazazi kisogezwe siku nne, na kikasogezwa. Majirani walidhani tuna mganga anayetupangia nyota. Hata siku aliyofariki yalikuwa maji mafu, na mama alipoliona hilo alicheka katikati ya kilio, shangazi zangu wakashtuka.

Kwa hiyo ukipewa kazi ya wasifu, kaa kwanza na mjane, umuulize siku ya marehemu ilianzaje na iliishaje. Sifa utazikuta humo humo.

Jambo la pili ni kumhoji mtu akiwa hai, na hapa najilaumu. Kwenye simu yangu sauti ya baba ninayo sekunde 41 tu, na anagomba bei ya barafu. Kwamba alianza kwa baiskeli na tenga, akipeleka ng'onda, yaani samaki wa kukausha, Newala na Tandahimba, niliambiwa na kijana wake wa mizani, ambaye sasa naye ni mzee, tunamwita mjomba. Mjomba ndiye aliyenieleza na sababu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, gari la Dar es Salaam lilivuka Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na masika barabara yenyewe ilikuwa tope. Barafu ikiyeyuka njiani, mzigo umeoza na hasara ni yako. Ng'onda hahitaji barafu. Mimi nilidhani baba aliuza ng'onda kwa sababu ya umaskini tu! Usimwambie mzazi "nisimulie maisha yako", atakujibu "tulihangaika tu, mwanangu". Muulize barafu aliipata wapi, nani alimkopesha mtaji, samaki aliyevuliwa kwa baruti alimtambuaje. Hili la mwisho alinifundisha mwenyewe sokoni: minya tumbo, likibonyea kama andazi la jana mwache, na ukimpasua utakuta mfupa wa mgongo umevunjika na damu imeganda kandokando.

Sasa madeni, ambayo ndiyo yamenifanya niandike.

Kwenye maziko tulitangaza kama ilivyo ada: mwenye kumdai marehemu, au anayedaiwa naye, aje kwa familia. Kwa sisi Waislamu deni hulipwa kabla ya mirathi, na hata mahakamani, kwenye Mahakama ya Mwanzo, msimamizi wa mirathi ataulizwa habari za madeni. Nikachukua daftari la baba, la kurasa mia mbili, jalada limevimba kwa maji ya chumvi na linanuka pweza hadi leo. Ndani mna majina ya akina mama, kilo, na fedha alizowatangulizia. Kando ya baadhi ya mistari kuna herufi K. Nikaamua K ni "kalipa". Nikajumlisha waliobaki kwa kikokotoo cha simu, nikapata hela ya kueleweka, nikapanda bodaboda hadi kijiji cha Msimbati kudai.

Bibi wa kwanza alinipokea vizuri, akanipa ming'oko, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, mbona mimi ndiye ninayewadai?"

Nilirudi nimenuna. Mjomba alilitazama daftari dakika moja tu. K ni kitoweo. Kila pweza baba aliyemtwaa kwenda naye nyumbani alimpima kwanza, akamwandika, na thamani yake ikakatwa kwenye deni la yule mama. Sisi tulidhani wale pweza ni wa bure, zawadi za pwani, maana wengine walikuwa wadogo, wasiofika ile nusu kilo ya sheria, ambao kiwanda hakiwapokei. (Ndiyo, hao nao walitakiwa waachwe baharini. Baba alikuwa na udhaifu wake, na mama alikuwa na nazi.) Kumbe chungu chetu kilikuwa na hesabu. Tulipojumlisha upya na mjomba, ile hela ya kueleweka ikabaki chini ya nusu, na kwa wanawake watatu ikawa sisi ndio tunaodaiwa.

Basi usisome daftari la marehemu peke yako, na usilisome kwa haraka ya mwenye shida. Mtafute aliyeshika mizani, au aliyebeba mzigo, akueleze alama. Na usiende kudai kabla ya hapo. Mimi ilinibidi nirudi kwa yule bibi na kilo moja ya sukari kuomba radhi, na fedha zake mkononi, thamani ya kilo mbili na robo za pweza kwa bei ya siku hizi. Alizihesabu mara mbili, akaniuliza mama anaendeleaje na miguu.

Jambo dogo lakini la haraka: piga picha kurasa zote leo hii. Chumvi inakula wino. Kurasa za mwaka 2009 nilizikuta zimeshikana, na kila nikijaribu kuzibandua zinatoka vipande.