Uliza Shangazi: BHT ni kazi ya macho na kalamu

*Shikamoo shangazi. Niko Phoenix huku Arizona mwezi wa nne, nimekuja na grini kadi, nina fom foo na nyumbani Morogoro nilikuwa nauza duka la nguo. Kila Mbongo na kila Mkenya ninayekutana naye ananiambia ingia BHT. Kuna dada anataka dola 600 anifundishe na anipe cheti cha BHT. Nimpe? – Mgeni wa Phoenix*

Marahaba mwanangu. Hiyo 600 irudishe mfukoni kabla hatujaendelea.

BHT, yaani teknisheni wa afya ya akili na tabia, ndo yule mtu anayeshinda na wagonjwa kwenye zile nyumba za matibabu, watu wa uraibu, watu wa sikizofrenia, watu waliotaka kujiua wiki iliyopita. Kwa Arizona hiyo siyo leseni kama ya nesi. Ni cheo ambacho kanuni za afya za jimbo zimekitaja na mwajiri ndo anakupa, akiangalia elimu yako na uzoefu wako, halafu unafanya kazi chini ya mtu mwenye leseni ambaye kila wiki 2 anatakiwa akae na wewe mpitie kazi yako. Sasa huyo dada cheti chake kakitoa wapi? Asiye na uzoefu kama wewe mara nyingi anaanzia ngazi ya chini yake, wanaita BHPP, na siyo aibu, wengi tumepitia hapo.

Hela yako itumie kwenye vitu vinavyotakiwa kweli: kadi ya alama za vidole inayotolewa na DPS, yaani idara ya usalama wa umma ya jimbo (anza na hii maana inaweza kuchukua muda), kipimo cha TB, kozi ya CPR (kumfufua mtu aliyesimama moyo) na huduma ya kwanza. Uwe na miaka 21, nyumba za kulala wagonjwa hawakuchukui chini ya hapo kama huna leseni ya fani nyingine. Cheti chako cha fom foo usishangae wakikuomba ukakifanyie tathmini kwanza.

Mafunzo yenyewe mwajiri ndo anakupa. Utafundishwa kumtuliza mtu aliyepandisha kabla hajarusha kiti, kozi yake maarufu watu wanaiita CPI, utafundishwa siri za mgonjwa chini ya sheria ya HIPAA, jinsi ya kumpulizia mtu puani Narcan, dawa ya kumwokoa aliyezidisha dawa za kulevya za jamii ya heroini, na jinsi ya kumsimamia mgonjwa anapomeza dawa zake. Nimesema kumsimamia. Dawa anameza mwenyewe, wewe unashuhudia na kuandika, hubadilishi dozi, humwambii ana ugonjwa gani hata kama unaona kabisa.

Ila somo ambalo watu wetu wengi linawashinda ni notsi. Kiingereza cha kuongea unacho, cha kuandika kinagoma, unaishia kuandika "klayenti alikuwa mkali". Mkali vipi? Andika ulichokiona: saa 8 mchana alitembea korido nzima mara sita, alikataa chakula, alisema "sitaki kuamka kesho". Hayo maneno ya mwisho ndo dokta anayatafuta, na ukiyameza ukaandika "mkali" mtu anaweza kufa mikononi mwako. Mimi nilijifunza kwa kununua daftari, kila siku kwenye basi naandika abiria mmoja anafanya nini, bila kuhukumu. Duka la nguo limeshakufundisha kusoma uso wa mtu, bado kalamu tu.

*Shangazi mambo, mi niko Temeke. Nimeona mtandaoni kozi ya RBT ya masaa 40, nikiimaliza nikiwa Dar naweza kupata kazi Marekani? – Kijana wa Temeke*

Poa mwanangu. RBT, yaani teknisheni wa tabia aliyesajiliwa, ni kazi jirani na BHT lakini siyo hiyo hiyo, hao wanafanya zaidi na watoto wenye usonji. Cheti kinatolewa na BACB, bodi ya Marekani ya vyeti vya fani hiyo: miaka 18, sekondari umalize, yale masaa 40, kisha msimamizi akupime kwa vitendo, ndo unafanya mtihani. Shida yako ni kwamba tangu 2023 BACB wamefunga mlango kwa waombaji wa nchi nyingi na Tanzania haimo kwenye zilizobaki. Masaa 40 utayapata, RBT hutapata, na viza pia haitoki kwa sababu ya kozi, anayekwambia hivyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Lakini we uko Dar bwana! Muhimbili wameanza kliniki ya methadone, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, tangu 2011, na soba hausi zipo. Nenda kaombe kujitolea. Mwaka mmoja wa kukaa na mateja wanaopona una uzito kwenye intavyuu yoyote kuliko karatasi ya mtandaoni, na ukipenda kazi kuna uuguzi wa afya ya akili hapo hapo nyumbani.

*Shangazi, bosi ananiambia nisaini notsi za vikao vya kundi ambavyo havikufanyika. Anasema nyumba zote zinafanya. – Jina kapuni*

Usisaini. Mei 2023 gavana Katie Hobbs na mwanasheria mkuu Kris Mayes walitangaza hadharani wizi wa namna hii, nyumba zilikuwa zinaidai AHCCCS, ile bima ya serikali ya Arizona, huduma ambazo hazikutolewa, na walioumia sana ni Wenyeji Asilia wa Marekani waliochukuliwa kutoka kwao kwa ahadi ya matibabu wakaishia mitaani. Kwenye karatasi ni jina lako linaonekana, la bosi halipo. Mimi nyumba moja waliniletea rundo la kusaini Ijumaa jioni, nikachukua mkoba wangu nikaondoka, nikakaa wiki sita bila kazi nakula ugali na mchicha. Piga simu AHCCCS kitengo cha kupambana na wizi, wanapokea hata usipotaja jina.

*Shangazi swali fupi, shifti ya usiku tunaruhusiwa kulala kidogo? – Mama Wawili, Tempe*

Hapana mama. Kama mmepangiwa kupita kila dakika 15, unapita na tochi chumba kwa chumba, na usiishie kumulika blanketi. Simama mpaka uone kifua kinapanda na kushuka.