Maswali ya Wasomaji: Cheo Kinapoachwa ili Wengine Wapande

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni mhandisi wa maji hapa Dodoma na nina miaka 14 kazini. Mwezi uliopita mkuu wangu aliniita akaniambia kwamba taasisi inaanzisha kitengo cha kuwaendeleza wahandisi wa kike wa ngazi za chini, na kwamba jina lililopendekezwa kukiongoza ni langu. Mshahara wa nafasi hiyo uko chini kidogo ya ninaolipwa sasa. Mume wangu anasema nitakuwa nimejizika mzima mzima, ilhali mama mkwe anasema hiyo ni sadaka nisiikatae. Nimewahi kusoma kwamba Mary Jackson, mwanamke mweusi wa Marekani aliyekuwa mhandisi wa NASA, shirika la anga la nchi hiyo, alikubali kushushwa daraja kwa sababu kama hii. Je, ni kweli? Na alipata hasara gani?
— Mhandisi, Dodoma

JIBU: Ni kweli, dada yangu, ila habari hiyo husimuliwa ikiwa imekatwa mwanzo wake, na mwanzo huo ndio unaokuhusu zaidi kuliko mwisho.

Mary Jackson alizaliwa mwaka 1921 mjini Hampton, katika jimbo la Virginia. Alihitimu masomo ya hisabati na sayansi mwaka 1942, akafundisha shule, akafanya kazi za mapokezi na za ukatibu, na ilipofika mwaka 1951 ndipo alipoajiriwa katika maabara ya anga ya Langley, kwenye ofisi ya wanawake weusi waliokuwa wakiwafanyia wahandisi mahesabu. Enzi hizo kompyuta halikuwa jina la mashine bali la kazi ya mtu, na makompyuta hao weusi walitengewa ofisi yao mbali na wenzao weupe. Miaka miwili baadaye mhandisi mmoja, Kazimierz Czarnecki, alimchukua wakafanye kazi pamoja kwenye handaki la upepo lenye nguvu za farasi 60,000, ambamo vielelezo vya ndege vilipulizwa kwa upepo uliokaribia mara mbili ya kasi ya sauti ili ionekane umbo lipi linastahimili na lipi linayumba. Czarnecki ndiye aliyemhimiza asome masomo ya ziada ili avuke kutoka kuwa mwanahisabati hadi kuwa mhandisi.

Masomo yenyewe yalikuwapo, na yalifundishwa jioni, baada ya saa za kazi. Tatizo ni kwamba yalifundishwa ndani ya jengo la sekondari ya wazungu, na mtu mweusi hakuruhusiwa kukaa humo darasani. Mary akalazimika kuiomba serikali ya mji wake, mji aliozaliwa, kibali maalumu cha kuingia katika jengo ambalo pengine alilipita kwa miguu tangu utotoni. Akapewa kibali, akasoma, akafaulu, na mwaka 1958 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mhandisi wa NASA, shirika lililoichukua maabara hiyo ya Langley. Nakuomba uliweke akilini jambo hili la kibali, maana nitalirudia.

Kwa miaka karibu 20 alifanya uhandisi, akaandika peke yake au kwa kushirikiana na wenzake ripoti za utafiti zinazofikia kama kumi na mbili. Kisha kupanda kwake kukasimama. Alifika daraja la juu kabisa ambalo mhandisi asiye kiongozi angeweza kulifikia, na nafasi za uongozi hazikumfungukia. Mwaka 1979, alipoona kwamba wanawake wenzake wengi wamekwama pale pale, aliacha uhandisi, akakubali daraja la chini, akawa msimamizi wa mpango wa kuwaendeleza wanawake hapo Langley. Aliifanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 1985.

Kwa hiyo swali lako la hasara lina majibu mawili. Kwa hesabu ya mshahara na cheo, ndiyo, alishuka. Lakini kile alichokiacha kilikuwa kimeshaacha kumpeleka mbele, naye alikiacha akiwa na miaka 28 kazini, si 14, na jina lake la uhandisi lilikuwa limekwisha kuandikwa mahali pasipofutika. Wewe bado njia yako iko wazi, kwa jinsi ninavyoielewa barua yako. Nisingependa mtu akutajie Mary Jackson kama mfano wa mwanamke aliyeridhika kukaa pembeni, kwa sababu hakukaa pembeni mpaka alipokuwa amezuiwa kwenda mbele.

Alipokaa katika nafasi hiyo mpya alifanya nini? Hapa ndipo ninapompendea. Alianza kuchunguza kwa nini watu wenye uwezo sawa hawapandi sawasawa, na akagundua kwamba mara nyingi sababu ilikuwa ndogo ya kushangaza: fulani alipungukiwa kozi moja au mbili, fulani aliwekwa katika ofisi isiyoonekana, fulani alipewa kazi ambazo haziwezi kumjengea jina hata azifanye kwa ustadi gani. Kizuizi kikubwa cha ubaguzi kilikuwapo, wala hakukikana. Lakini aliyewahi kuombea kibali cha kuingia darasani alijua kwamba kizuizi kikubwa hujificha ndani ya vitu vidogo kama jengo, ratiba na fomu, na hivyo mtu anaweza kuviondoa kimoja kimoja.

Naliamini hilo kwa yaliyonipata. Nikiwa kijana katika ofisi moja ambayo sitaitaja, nilipitwa na wenzangu watatu tulioajiriwa siku moja, nikahitimisha kwamba mkubwa wangu ananichukia. Mama mmoja wa masijala, ambaye hakuwa na cheo chochote cha kutisha, aliniita pembeni akanionyesha jalada langu. Lilikuwa limelala kwenye rafu ya chini kwa miezi minane kwa sababu nakala ya cheti changu haikuwa na muhuri wa wakili. Mkubwa wangu hata hakujua kwamba nipo. Muhuri ulinigharimu nauli ya basi na nusu siku ya kazi.

Basi kabla hujatia saini, dada, usiulize kwanza mshahara. Uliza kama mkuu wa kitengo hicho ataona taarifa za nani amepandishwa na nani ameachwa, na kama atakuwa na sauti kwenye kikao kinachopitisha majina. Mary Jackson alikuwa amekaa mahali ambapo ajira na upandishaji vingeweza kuguswa. Ikiwa wewe unapewa chumba, kalenda ya semina na fulana za maadhimisho ya siku ya wanawake, mumeo amesema kweli. Ikiwa unapewa majalada, mama mkwe ana hoja, na bado ungeweza kuomba kwa maandishi kwamba daraja lako la uhandisi lisiguswe kwa miaka miwili ya mwanzo. Mkuu anayekuhitaji kweli hatashindwa kulijadili hilo.

SWALI: Mhariri, mimi ni Mkenya, muuguzi hapa Minneapolis. Katika hospitali yetu kuna mzee mmoja, Mmarekani mweusi aliye msimamizi wa muda mrefu, ambaye hunikalisha kila mwezi akanipa mawaidha. Namheshimu kama baba. Lakini mwaka wa tatu huu sijapanda hata hatua moja. Je, nina pupa?
— Muuguzi, Minneapolis

JIBU: Huna pupa, ndugu yangu. Kukupa mawaidha ni kazi moja, na kulitaja jina lako mahali usipokuwapo ni kazi nyingine kabisa.

Mkuu wa ile ofisi ya makompyuta weusi wa Langley alikuwa Dorothy Vaughan, mwalimu wa hisabati aliyejiunga na maabara mwaka 1943. Aliwekwa kushika uongozi huo mwaka 1949, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuwa msimamizi katika shirika lililotangulia NASA. Mwaka 1953 alimpokea Katherine Johnson, na baada ya wiki mbili tu akampeleka kwa wahandisi wa utafiti wa safari za ndege, ambako alibaki. Fikiria kiongozi anayempata mtu hodari kuliko wengi kisha anamtoa ofisini kwake kabla hata hajamzoea. Katherine huyo ndiye aliyekagua mahesabu ya safari ya mwanaanga John Glenn kuizunguka dunia mwaka 1962. Vaughan alikuwa pia akiwaombea nyongeza na vyeo hata makompyuta weupe wa ofisi nyingine, na mashine za kukokotoa zilipoingia alijifunza lugha ya programu iitwayo FORTRAN.

Siku mtakapokaa tena, mwulize mzee kwa adabu, baada ya salamu na chai: je, amewahi kulitaja jina lako kwa nani, na lilipokewaje? Akijibu kwamba hajawahi, usimhukumu haraka. Ofisi ya Vaughan ilipovunjwa mwaka 1958, ubaguzi wa ofisi ulipofutwa, aliitafuta tena nafasi ya uongozi na hakuipata mpaka anastaafu mwaka 1971. Huenda huyu mzee wako naye amebaki na heshima bila mlango. Kama ndivyo, mwombe akutambulishe kwa mtu aliye nao. Hilo halimvunjii hadhi, na mawaidha ya kila mwezi usiyaache.