Msiniulize kama ningebaki, niulizeni maji anabeba nani

Mmeuliza wiki hii: ndege ikikuteka ikakushusha Shangri-La, ile ya kwenye filamu ya Lost Horizon ya mwaka 1937, ungebaki au ungefunga virago urudi kwenu? Jibu langu fupi ni hapana, nisingebaki. Jibu refu sijui kama mtalichapa maana naona kabisa linaenda pembeni ya swali lenu, lakini mmenigusa na kitu nimekaa nacho muda mrefu acha nikitoe.

Kwa wale hawajaiona, kwa kifupi. Conway (Ronald Colman) ni mwanadiplomasia wa Kiingereza, yuko mji mmoja wa China unaitwa Baskul, vurugu zimechachamaa, anahangaika kuwapakia wazungu kwenye ndege waondoke. Ndege ya mwisho anapanda yeye na mdogo wake George na wengine watatu, kumbe rubani siye, wanapelekwa upande mwingine kabisa mpaka milima ya Tibet, inaanguka kwenye theluji, rubani anakufa. Wanatokea watu wanawachukua, wanapanda, wanapanda, wanapita kwenye upenyo wa mwamba na upande wa pili jua linawaka, bonde la kijani, hakuna upepo hakuna baridi. Juu kuna jumba kubwa jeupe la malama (watawa wa Tibet), chini wakulima. Watu hawazeeki ovyo. Mkuu wao ni padri wa Kibelgiji aliyefika pale 1713 na bado anaongea! Aliyemuigiza, Sam Jaffe, alikuwa na miaka 45 hivi tu, wakampaka mikunjo mpaka ukamwamini.

Sasa mimi hii filamu niliiona Marangu, kwa mjomba, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Mjomba wangu alikuwa mgumu. Wa Kilimanjaro wanaelewa, kwa wengine ni mpagazi, wale wanaobeba mizigo ya wageni mlimani. Alibeba tangu kijana mpaka magoti yakagoma, njia ya Marangu, vituo vya kulala vya Mandara, Horombo, Kibo, anashuka, anapumzika kidogo, anapanda tena. Kileleni amefika mara chache sana maana mgumu anaishia Kibo analinda mizigo, wanaoenda Uhuru kupiga picha ni mgeni na gaidi wake, yaani anayemwongoza njia. Basi nilikuwa nimeenda kumsalimia, nimebeba sidii kadhaa za filamu za zamani, mimi nazipenda hizo za nyeusi na nyeupe, nikaona hii ina milima na theluji, mzee ataifurahia. Yeye kakaa kwenye kigoda chake anajichua magoti kwa ile dawa ya kuchua inayonuka nyumba nzima, mimi kwenye kochi namtafsiria wanachosema.

Mwanzoni hakusema kitu. Ndege ilipoanguka na wale watu kutoka nje kwenye theluji akasogea karibu na tivii, akasema "hawa baridi wanaisikia kweli, angalia midomo". Nikaangalia, kweli pumzi zinatoka kama mvuke wa sufuria. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwongozaji, Frank Capra, aliwapeleka waigizaji kwenye ghala la barafu hapo hapo Los Angeles kwenye joto lote lile ili pumzi zionekane, maana theluji ya uongo kwenye studio haitoi mvuke mdomoni. Filamu ilimla Columbia zaidi ya dola milioni 2, pesa ya kutisha kwa wakati ule. Mjomba hakuhitaji kusoma popote, aliona tu.

Walipofika kwenye jumba akasema hii lodge nzuri. Na ni kweli jamani ile ni lodge! Ngazi pana, mabwawa, njiwa wamefungiwa vifilimbi mkiani wanaruka wanapiga muziki. Seti waliijenga Burbank na aliyeichora, Stephen Goosson, alipata Oscar kwa kazi hiyo. Akaniuliza vitu vyote vile vimefikaje juu, nikamwambia subiri, Conway naye anauliza hilo hilo. Chang, yule mzee mwenyeji wao, anamjibu kwamba kuna watu wa kabila la mbali huko huwa wanaleta mizigo hali ya hewa ikiruhusu. Basi, imeisha, wanaendelea na mengine. Mjomba akacheka ile ya puani. "Wagumu", akasema.

Katikati hapo picha zikaganda. Sauti inaendelea, watu wanaongea, lakini kwenye skrini ni picha mnato. Mjomba akainuka (na kuinuka kwake ni safari) akaipiga deki kibao, akatoa sidii akaifuta na shati, akairudisha, ikafika pale pale ikaganda tena. Tukagombana kidogo hapo, yeye anasema nimenunua feki. Kumbe ndivyo ilivyo. Filamu ilipoanza kuonyeshwa 1937 ilikuwa na dakika 132, ikakatwa, ikakatwa tena, kuanzia 1973 ndipo watu wa hifadhi ya filamu Marekani wakaanza kuokoteza vipande duniani, sauti wakaipata yote lakini picha za kama dakika 7 hazikupatikana, wakaweka picha mnato. Hilo nilimweleza kwa simu baadaye, hakuamini, mpaka leo kwake ile ni sidii feki.

Sasa ndio tukafika kwa Barnard. Barnard, mmoja wa wale abiria, ni tapeli. Amekula hela za watu Marekani, polisi wanamtafuta, amejificha kwa jina la uongo. Amegundua mlima umejaa dhahabu na mwanzoni macho yanamtoka. Halafu siku moja anakuja mbio mbio na wazo: kule bondeni watu kila wakitaka ndoo ya maji lazima waende kisimani, na hapa juu maji yapo, si tuweke bomba tu yashuke yenyewe? Anachekesha hivi, anapita, filamu inaendelea na mapenzi ya Conway na Sondra, mwanamke anayeishi pale Shangri-La.

Mjomba akasema rudisha nyuma. Nikarudisha. Akasema rudisha tena.

Halafu akaanza kunisimulia maji ya Kibo, na hiki kitu sikuwahi kukisikia kwake miaka yote, na filamu imesimama hapo imeganda kwenye sura ya Barnard. Mnajua Kibo hakuna maji. Ya mwisho unayapata chini, panaitwa hivyo hivyo Maji ya Mwisho, kutoka hapo unavuka ule uwanda wa kati ya Mawenzi na Kibo, hakuna mti hakuna nyasi, upepo tu, na maji yote ya kupikia ya kunywa ya kila kitu yanapanda kichwani mwa mtu. Yeye alikuwa anabeba ndoo ya plastiki, mdomo anaufunga na nailoni halafu mpira, kwa sababu upepo ukipiga yanamwagika shingoni na pale maji yakimwagika shingoni ni kesi nyingine. Na huwezi kukimbia, pumzi haipo. Unafika kichwa kinagonga, unamkabidhi mpishi. Akasema siku moja mgeni mmoja, mtu mzuri tu, mpole, aliomba maji ya moto ya kunawa. Akaletewa beseni. Akanawa uso, akanawa mikono, akasema asante sana, akamwaga yaliyobaki pale nje kwenye mawe. Mjomba amekaa pembeni anayaangalia yanavyozama kwenye mchanga. Hakumchukia, alisema, wala hata tip alimpa nzuri. Ila aliyaangalia mpaka yakaisha.

Ndio maana nawaambia swali lenu silipendi. Kila anayeulizwa "ungebaki Shangri-La" anajiona yuko juu kwenye jumba, anasoma vitabu, anapiga piano, ana miaka 200 na ngozi nyororo. Hakuna anayejiona kisimani. Na kinachoniuma zaidi, wale wenye hekima yao, wasiokunywa sana wasioamini sana wasiojinyima sana, wamekaa pale zaidi ya miaka mia mbili wanakusanya vitabu na hakuna hata mmoja aliyeiona ile ndoo. Aliyeiona ni mwizi, tena ndani ya muda mfupi tu!

Na msiniambie filamu ya zamani walikuwa hawajui. Walijua! Kwenye ndege pale mwanzoni Conway amelewa, anamuuliza mdogo wake umeandika kwenye ripoti kwamba tumeokoa wazungu 90? Safi. Umeandika pia kwamba tumewaacha wenyeji elfu kumi wauawe? Huwezi kuandika, hao hawahesabiki. Nilipomtafsiria mjomba alitikisa kichwa tu. Ni maneno mazito kwa mwaka 1937, mazito mpaka filamu iliporudishwa sinema 1942 wakati wa vita ile hotuba ya ulevi ikakatwa. Sasa mtu aliyesema hivyo anafika bondeni, anaoneshwa wenyeji wanalima wanatabasamu, na hahesabu tena. Hapo ndipo Capra aliponipoteza.

Halafu mwisho. George anataka kuondoka, ana mpenzi wake Maria, wanamshawishi Conway, wanatoka na wapagazi. Wapagazi wa kwenye filamu wanatangulia wanawaacha, wanacheka, wanawapigia risasi kwa mchezo, mlio unaangusha theluji inawafunika wapagazi wote. Mjomba alikasirika kweli kweli. "Mgumu hampigi mgeni risasi. Tip ataitoa wapi?" Na ana hoja. Walitakiwa kufa ili hadithi isonge basi wakafanywa wabaya kwanza. Maria anazeeka ghafla anakufa, George anajitupa, na Conway anahangaika dunia nzima kurudi kule alikotoka.

Nilipoanza kuandika nilikuwa nimeshaamua kuishia hapa. Nisingebaki, asanteni. Lakini nitakuwa nimewadanganya, maana sikuwaambia mjomba alichosema filamu ilipoisha. Nilimuuliza swali lenu hili hili, mjomba wewe ungebaki? Nilitegemea atasema hapana kwa yote tuliyoongea. Akasema angebaki. Nikamwambia hata kama ni kubeba maji? Akaniangalia kama vile mimi ndiye mgeni. "Mimi nimebeba maji nikazeeka. Kule ningebeba nisizeeke."

Nimelitafuta jibu la hilo tangu siku ile sijalipata. Yule Gloria, abiria mwenzao aliyefika anakohoa, daktari ameshamkatia tamaa, bonde likampa mashavu. Nimwambie nini, arudi akafie kwao kwa sababu ya kanuni zangu? Na mjomba na magoti yale, nimwambie asubiri bomba kwanza? Ni rahisi kukataa bonde ukiwa na magoti mazima.

Kwa hiyo sawa, ningebaki. Naona nimejigeuka, niacheni. Ila kwanza ningetaka kuulizwa, maana wale hawakuulizwa, Sondra alisoma vitabu vya Conway akampendekeza, wakateka ndege nzima kwa ajili ya mtu mmoja na wengine wakaja kama mizigo ya ziada. Pili nisikae juu, nipewe chini bondeni. Tatu huyo Barnard asifukuzwe. Na iwe ile ya kwenye filamu, siyo ya Yunnan, ule mji wa Zhongdian ambao Wachina waliubadilisha jina 2001 ukaitwa Shangri-La ili watalii waje, wala siyo ile kambi ya mapumziko ya marais wa Marekani kule Maryland ambayo Rais Roosevelt aliiita Shangri-La mwaka 1942 na leo ndiyo Camp David, kule sidhani kama wangenipokea.

Mkihesabu kura basi niwekeni kwa wanaobaki. Mke wangu amesoma hapa begani anasema yeye ni wa kuondoka na watoto anaenda nao, sasa sijui mtanihesabuje.